Breki za Daktari wa Meno

Mke wa fundi alikanyaga breki, mguu ukazama. Akakanyaga tena, ukazama tena, mpaka kidole gumba kikagusa zulia la gari. Akatoa kichwa dirishani akasema, "Haina kitu. Ni kama nakanyaga gunia la unga."

"Mwambie kaka yako afunge nati," fundi akasema. Alikuwa amelala chali upande wa kushoto wa gari, humwoni ila viatu.

"Kaka, funga nati."

"Nimeshafunga zamani," kaka mtu akajibu kutoka upande wa kulia, naye viatu tu. "Mwambie mumeo afunge yake."

"Baba watoto, funga na wewe."

"Nimesikia. Sina pamba masikioni."

Ungepita pale gereji mchana ule ungesimama ushangae. Wanaume wawili, mmoja huku mmoja kule, kati yao gari la watu, na bado neno lao lilibidi lipande juu, lizunguke kwa mwanamke, ndipo lipate njia ya kushuka upande wa pili. Ilikuwa wiki ya sita hawasemezani. Na ukiuliza kisa, kisa ni jeki. Fundi alisema mbele ya wateja kwamba shemeji yake kaazima jeki hakuirudisha. Siku ya tatu jeki ikaonekana nyuma ya gari bovu la fundi mwenyewe, imejilalia chini ya gunia. Hapo mtu angesema nisamehe ndugu yangu, yakaisha, watu wakanywa chai. Hakusema. Na mwenzake naye akawa anaisubiri ile samahani kama abiria anayesubiri chenji yake: hasemi, lakini hashuki.

Sasa shida ni kwamba kazi ya kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya kusemezana. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga, mwingine yuko kwenye tairi anafungua nati ndogo ya kutolea upepo, mafuta yanatoka na mapovu yake, anafunga, anasema haya, kanyaga tena. Kanyaga, shikilia, achia. Asiposema huyu, yule atajuaje? Ndiyo maana mwanamke aliacha shughuli zake Alhamisi hiyo akaja kukaa kwenye kiti cha gari la mbio, kiti kimemkumbatia mbavu, na mtoto wake wa miezi minne kamlaza pembeni ndani ya tairi kuukuu lililotandikwa shuka.

Gari lenyewe lilikuwa la daktari wa meno. Chini-chini, rangi ya maini, likiwashwa tu vikombe vya jirani vinaongea. Kukimbia lilijua. Kusimama ndiyo ilikuwa shida. Kuna ule mteremko mrefu wa kuingia mjini, wenye kona tatu. Daktari alikuwa akifika kona ya tatu breki zinanuka kama nywele zilizoungua na kanyagio limelegea. Mara mbili alipita kona ile anasali. Akaagiza breki nyingine, kubwa: diski pana kama sinia, zimetobolewa matundu, na kalipa nyekundu mbili za kwenda nazo. Kalipa ni ile taya inayobana diski gari lisimame. Daktari alifurahi sana kusikia inaitwa taya. Akasema basi hapo tumeelewana.

Kwa nini alimletea fundi huyu, ambaye kazi zake ni pikapu za mchanga na teksi zilizochoka? Kwa sababu fundi huyu aliwahi kumwambia ukweli kuhusu gari jingine, kwamba halifai, asilinunue. Daktari hakusahau. Alimwambia hivi: "Wenzangu sita wana magari kama hili. Wananitazama mimi. Ukinifungia vizuri, watakuja wote. Jumamosi saa nne nalichukua, Jumapili nashuka mteremko na watoto wangu wawili nyuma."

Watoto wawili nyuma. Hilo ndilo fundi alilolala nalo na kuamka nalo.

"Kanyaga," akasema fundi.

Mkewe akakanyaga. Mguu ukazama.

* * *

Kufika Ijumaa saa sita kila mtu pale mtaani alikuwa keshakuwa fundi breki. Mchomeleaji wa mageti, jirani yao, aliinua kioo chake cheusi akasema, "Hiyo masta silinda inayosukuma mafuta ni ndogo. Umempa mtu mdomo mkubwa, koo lile lile."

Muuza matairi akasema hapana, mafuta ya breki yameingia maji, ona rangi yake. Mzee mmoja aliyekuja kuziba pancha ya baiskeli akasema magari haya ya chini yana kompyuta, pengine imekasirika.

"Inakasirika kwa nini?" fundi akauliza, na aliuliza kwa dhati, maana alishachoka kiasi hicho.

"Umeigusa bila kuiomba."

Fundi akabadilisha mafuta. Chupa ya kwanza, ya pili. Chupa ya tatu aliinunua kwa hela ya gesi ya kupikia, mkewe akaitazama ile chupa akaitazama na sufuria kwa mawazo. Wakatoa upepo magurudumu yote manne kuanzia la mbali, kama inavyotakiwa. Kanyagio likapanda kidogo, wakachekelea. Wakaliacha dakika kumi, wakarudi, limezama.

Akakagua mipira ya breki, hakuna inayovuja. Akakagua maungio, makavu. Akapima diski, zimenyooka. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa akayatazama magurudumu ya mbele kama mtu anayemtazama mtoto wake anayeumwa na hajui kusema wapi panauma.

Upande wa pili, shemeji naye alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, anatazama gurudumu lake.

Kulikuwa na kitu walikiona. Nitakisema sasa hivi, maana wao walikificha mno. Tangu Alhamisi, alipofunga ile kalipa upande wake, fundi aliona nati ya kutolea upepo imekaa chini ya kalipa badala ya kukaa juu, na mpira wa mafuta umejikunja kidogo kuifikia. Akajiambia, haya ni mambo ya bei kubwa, labda ndivyo yanavyokaa. Alitaka kuzunguka upande wa pili aone ya mwenzake ikoje. Lakini kuzunguka ni kama kuuliza. Na kuuliza ni kama kuomba. Akabaki upande wake.

Na shemeji, upande wake, aliona vile vile, akajiambia vile vile, akabaki vile vile.

Saa nane Daktari akapiga simu. "Fundi, tumefika wapi?"

Hapo ndipo fundi alipoteleza. Watu walikuwa wamesimama, mchomeleaji, muuza matairi, mzee wa baiskeli, wote macho kwake. Angesema sijui? Fundi mzima, na spana mkononi, aseme sijui?

"Daktari," akasema, "nasikitika. Hivi vitu umeuziwa feki."

"Feki?"

"Feki. Chuma chake hakina nguvu. Kinatanuka ndani. Ndiyo maana kanyagio halikai."

"Una uhakika?"

"Daktari, miaka kumi na saba niko chini ya magari."

"Huyu muuza vipuri atanitambua," Daktari akasema, akakata.

Fundi akaiweka simu mfukoni. Watu wakatikisa vichwa, wakasema dunia ya sasa kila kitu feki, hata dawa, hata mayai. Shemeji peke yake aliinama akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

* * *

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili. Cha ndani wanalala fundi na mkewe na mtoto; wale wakubwa wawili wako kwa bibi yao. Cha mbele kuna meza, kochi, na shemeji, ambaye hilo kochi ndilo kitanda chake. Kwa hiyo usidhani kununiana kwao kulikuwa kwa gereji tu. Walinuniana asubuhi wakipiga mswaki, walinuniana jioni wakila sahani moja.

"Mwambie kaka yako asogeze chumvi."

"Kaka, chumvi."

"Mwambie iko mbele yake, upande wa kikombe."

Mwanamke akainyanyua chumvi mwenyewe akaitua mbele ya mumewe kwa kishindo. "Mimi mtanilipa mshahara wa ukarani," akasema. "Asubuhi mpaka jioni napeleka barua. Na barua zenyewe hazina maana."

Taa ilikuwa haijawashwa bado, mwanga wa jioni uliingia dirishani kidogo. Fundi alikuwa anakula kwa kutafuna kila tonge mara nyingi kama anahesabu. Moyoni alikuwa na fujo tupu. Neno lile, feki, lilikuwa limemtoka kirahisi mno, na sasa lilikuwa linamrudia. Kama si feki je? Na kama ni feki kweli, kwa nini hana raha?

Mtoto aliyekuwa ananyonya akaanza kulia, anajinyonganyonga, miguu ameikunja. Mama yake akamtoa kifuani, akamsimamisha begani, akaanza kumpigapiga mgongo.

"Mlaze alale," fundi akasema. "Amechoka huyo."

"Akilala utakesha naye wewe? Ana upepo tumboni."

"Si utatoka tu."

"Utatokaje na yeye amelala?" mkewe akasema, bado anapigapiga. "Upepo haushuki, unapanda. Mdomo lazima uwe juu. Ukimlaza kichwa chini unakaa humo humo, unazunguka, maziwa yanatoka yeye analia. Hata hilo hujui, na huyu ni wa tatu."

Mtoto akacheua. Cheuo kubwa la mtu mzima, mpaka mwenyewe akashangaa, akanyamaza.

Mkono wa fundi ukasimama hewani, tonge liko njiani. Akalirudisha sahanini polepole. Hakumtazama mtu. Kama angetazama ng'ambo ya meza angeona tonge jingine limerudishwa sahanini vile vile.

"Nyie vipi?" mwanamke akauliza. "Chakula kibaya?"

"Kizuri," wakasema wote wawili kwa pamoja, kisha kila mmoja akakasirika kwamba mwenzake kasema.

* * *

Jumamosi kunapambazuka fundi akatoka kimya, viatu mkononi, asimwamshe mtu. Alipopita chumba cha mbele, kochi lilikuwa tupu, shuka limekunjwa. Akafikiri, kaenda chooni. Akaenda zake.

Kufika gereji, geti la mabati liko wazi. Gari liko juu ya magogo. Na upande wa kulia viatu vimechomoza.

Akasimama pale. Akawaza mambo mengi kwa mara moja, na karibu yote yalikuwa mabaya. Akawaza, huyu amekuja kuharibu. Akawaza, labda ndiye aliyeharibu tangu mwanzo. Akawaza jeki. Akakohoa.

Viatu vikatulia.

Basi fundi naye akalala upande wake, akamulika tochi. Nati iko chini. Akainuka, na safari hii, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akazunguka gari. Akainama karibu na ile miguu, akamulika. Nati iko chini. Mpira umejikunja. Zote mbili zimesimama kichwa chini miguu juu.

Wakati huo huo mwanamke akaingia anahema, mtoto mgongoni, kiatu kimoja cha kwake kingine cha mumewe. Alikuwa ameamka akakuta nyumba nzima haina mwanaume, akili yake ikamwambia wamekwenda kupigana.

"Hamjaumizana?" akauliza.

"Muulize kaka yako," fundi akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kuegemea, "muulize, kalipa iliyokuwa kwenye boksi la kulia ndiyo aliyoifunga kulia?"

"Ndiyo," kaka akasema kutoka chini. "Mwambie boksi lina herufi ya upande wake. Nilisoma. Na yeye je?"

"Na mimi nilisoma."

Kama maboksi ni sahihi na wao ni sahihi, basi kuna jambo hapa halieleweki, na jogoo wa mtu akawika kana kwamba anawasuta.

"Maboksi yapi?" mwanamke akauliza. "Yale yaliyokuwa chini ya kitanda?"

Yalikaa chini ya kitanda siku mbili kwa sababu gereji haina mlango wa maana, na vitu vya Daktari si vya kulaza nje.

"Hayo."

Akamtoa mtoto mgongoni akamhamishia mkono huu, kisha mkono ule. "Yalikuwa yananuka mafuta," akasema. "Mtoto anapiga chafya. Nikavitoa vile vyuma, nikavifuta kwa kitambaa, vikang'aa. Kisha nikavirudisha. Kimoja huku, kimoja huku. Mimi niliona vinafanana."

"Vinafanana," fundi akasema.

"Si vinafanana?"

"Vinafanana kama viatu vinavyofanana. Kuna cha kushoto na cha kulia."

Mwanamke akaitazama miguu yake mwenyewe, kiatu hiki na kiatu kile. Kisha akainua uso. "Sawa, mimi nilikosea boksi," akasema. "Mimi si fundi. Lakini nyie mliovivaa, hamkusikia vinabana?"

Sauti ikatoka chini ya gari, ya polepole, inaongea na tairi zaidi kuliko na mtu.

"Mwambie niliona. Tangu Alhamisi. Nikafikiri za bei ndivyo zinavyokaa. Nikasema nikiuliza atanicheka, ataniambia hata jeki sijui, sembuse hii."

Mwanamke akamgeukia mumewe. Fundi alikuwa anajifuta mikono, na mikono ilikuwa haijachafuka bado.

"Mwambie na mimi," akasema.

Hakupeleka ile barua. Alikwenda kumlaza mtoto ndani ya tairi, akarudi akafungua mlango wa gari akakaa kwenye kile kiti cha kukumbatia. "Hamisheni," akasema. "Jua linapanda."

Wakahamisha. Ya kushoto ikaenda kushoto, ya kulia kulia, nati zikatazama mbinguni. Wakatia mafuta yaliyobaki kwenye chupa ya tatu. Kanyaga, shikilia, achia. Mapovu yakatoka yale, yakatoka tena, kama sufuria ya uji, siku tatu nzima yamejificha humo. Kisha yakaisha. Mafuta yakatoka safi.

"Kanyaga," fundi akasema.

Mwanamke akakanyaga. Mguu ukashuka vidole viwili ukagonga kitu kigumu, ukakataa. Akakanyaga kwa nguvu zake zote mpaka akanyanyuka kitini. Kikakataa.

"Limekuwa jiwe," akasema, na machozi yakamtoka, naye hakujua ni ya nini.

* * *

Saa tatu wakakaa kumsubiri Daktari, na hapo fundi akaanza kuzunguka.

"Nilimwambia feki," akasema, haijulikani anamwambia nani. "Sasa nitasemaje? Nitasema tumezirekebisha. Tumezipiga msasa, zikakubali. Si uongo mkubwa. Breki nzima ziko pale, anataka nini zaidi?"

Mkewe alikuwa anamvisha mtoto soksi. Shemeji alikuwa anafagia mahali palipofagiwa.

Daktari alikuja saa nne kasoro, kwa teksi, amevaa shati jeupe, simu mkononi. Hakusalimia sawasawa. "Nimemkomesha," akasema. "Yule muuza vipuri. Nimemfuata dukani kwake, mbele ya wateja wake, nimemwita mwizi. Anaapa. Analia kabisa. Nimewaandikia na wenzangu wote sita mtu asinunue kwake. Jumatatu nampeleka polisi na wewe utakuja kuwa shahidi wangu."

Fundi akafungua mdomo. Alikuwa amejiandalia la msasa, lilikuwa tayari ulimini. Lakini lile neno, "mbele ya wateja wake," lilimpiga mahali. Alimwona muuza vipuri ambaye hajawahi kumwona, amesimama nyuma ya meza yake, watu wanamtazama. Na sijui kwa nini akaiona jeki.

"Daktari," akasema, "si feki."

"Nini?"

"Ni nzima. Nzuri. Tulizifunga kinyume. Ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Upepo ukakosa pa kutokea. Asubuhi hii tumegeuza, zimekaa. Mimi nilikuwa sijui ugonjwa, nikaona haya kusema sijui. Yule mtu hana kosa."

Daktari aliwatazama mmoja mmoja. Fundi, shemeji na ufagio wake, mwanamke, mtoto mwenye soksi moja. Akapiga simu, akaiweka kwenye spika, akaishika mbele ya uso wa fundi.

"Mwambie mwenyewe."

"Hallo," sauti ikasema, ya mtu aliyelala vibaya.

"Mimi ndiye fundi," fundi akasema. "Nilisema vitu vyako feki. Si feki. Nilikosea mimi."

"Wewe ndiye?"

"Ndiye."

"Nimekuwa mwizi tangu jana saa tisa mchana. Mke wangu keshaanza kuficha pochi." Kukawa na pumzi ndefu. "Ulizifungaje, kwani?"

"Kichwa chini."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Upande ule wa simu kitu kikaanza kama kikohozi kikaishia kicheko, kicheko kirefu cha watu zaidi ya mmoja, maana huko nako spika ilikuwa wazi. Fundi akasimama akachekwa mpaka mwisho, hakuiondoa sura yake. Alistahili na alijua.

Daktari hakucheka. Akakata simu akasema, "Ungempakia mwanao humu, ukashuka ule mteremko?"

Fundi akamtazama mtoto. "Ndiyo" lilikuwa jibu la biashara. Wale sita walikuwa wamesimama nyuma ya hiyo "ndiyo."

"Mwanangu abaki," akasema. "Tushuke kwanza mimi na wewe."

"Na aliyefunga upande wa pili," Daktari akasema.

Shemeji akaegemeza ufagio. Mwanamke akamkabidhi mtoto kwa mke wa mchomeleaji, aliyekuja kusikiliza, akavuta mlango wa nyuma. "Na mimi," akasema. "Mguu uliokanyaga siku mbili ni wangu."

* * *

Walishuka. Kona ya kwanza Daktari alikanyaga taratibu, gari likatii. Kona ya pili alichelewa kukanyaga, makusudi, na nyuma kaka na dada wakashikana mikono kama walivyokuwa wadogo. Gari likatii. Kona ya tatu aliingia nayo kwa mwendo ambao fundi alifumba macho. Akasikia mkanda unamkata kifua, akasikia kichwa cha mtu kinagonga kiti chake kwa nyuma, kisha akasikia kimya. Walikuwa wamesimama chini kabisa ya mteremko, kwenye njia panda, wima. Hakuna harufu ya kuungua. Injini inanguruma polepole kana kwamba haikuhusika.

Daktari alibaki ameshika usukani. Akaongea huku anatazama mbele.

"Mimi niliwahi kung'oa jino la kulia la mama mmoja," akasema, "bovu likiwa kushoto. Alikuwa amelala kwa sindano. Alipoamka nikamwambia yote mawili yalikuwa mabaya. Akanishukuru. Miaka tisa sasa, nikikutana naye sokoni ananishukuru tena."

Fundi akasema, "Pole."

"Shukeni hapa. Nina mgonjwa saa tano."

Wakashuka. Gari la rangi ya maini likaondoka, likakata kona, sauti yake ikabaki kidogo hewani, nayo ikaondoka. Wakabaki watatu chini ya mteremko, na gereji iko juu, jua kali. Wakaanza kupanda.

Walikwenda mpaka kona ya tatu.

"Sasa ina maana gani?" fundi akasema. "Atawaleta wale sita au hawaleti?"

"Kasema ana mgonjwa," shemeji akasema.

"Hilo nimelisikia. Lakini lile jino? Jino limeingiaje?"

"Labda ametusamehe."

"Angesema nimewasamehe. Ametuacha huku chini kama mizigo."

"Na wewe unamwambia pole. Pole ya nini? Pole anaambiwa yule mama."

"Ningesema nini, shemeji? Wewe ungesema nini?"

"Mimi ningenyamaza. Paji lenyewe la uso limevimba hapa, ona."

Fundi akasimama, akamshika kichwa, akalitazama lile paji kwa makini kama anavyotazama diski. "Limevimba kweli," akasema. "Lile la feki lilikuwa kosa langu." Akaliachia, wakaendelea kupanda. Hatua kumi mbele akaongeza, "Na jeki pia."

"Jeki ipi?" shemeji akasema, akiwa anajua vizuri sana.

Mwanamke alikuwa nyuma yao, viatu vyake viwili visivyofanana vinamsumbua. Wakafika kona ya pili bado wanabishana. Mmoja anasema Daktari atarudi, yule anasema hatarudi, kisha wakabadilishana, aliyesema atarudi akasema hatarudi. Mwisho fundi akageuka.

"Mama watoto, wewe ulikuwa umekaa nyuma yake pale, unamwona kwenye kioo. Hebu tuambie. Alisema kwa uso gani?"

"Mbona mnaniuliza mimi?" mwanamke akasema, akainama akavua viatu vyote viwili akavishika mkononi. "Ulizaneni."

Akawapita.